Mistari ya Kifuani

Ernestine: Haloo? Nani huyu? Namba siijui.

Generose: Ni miye, Generose. Wa hospitali, huku ng'ambo ya Ruzizi. Nimeazima simu ya infirmye mumoja, muuguzi wa hapa—

Ernestine: Yaya Generose, dada yangu! Eee, Mungu wangu. Uko muzima?

Generose: Niko. Na weye? Mutoto?

Ernestine: Inamahoro iko hapa mugongoni. Meno mbili sasa, ananiuma bega. Maziwa si alishaacha...

Generose: Najua. Ernestine, leo ni Ijumaa. Jumatatu ndiyo seansi yako ya kwanza, na kitanda chako bado kiko wazi. Nilikuahidi nitasimama kwenye mulango wa mashini ya miale.

Ernestine: Ulisema haiumi.

Generose: Haiumi hata kidogo! Mwaka jana miye nilimaliza seansi ishirini na tano, sasa nimerudi kupimwa tu. Unalala, mukono juu ya kichwa, inalia kama nyuki, dakika kumi umetoka. Ngozi ndiyo inachoka baadaye, inakuwa nyeusi, inawasha. Ila ukianza usiruke siku— haloo?

Ernestine: Niko. Rezo ya simu inakata-kata.

Generose: Mbona haujatoka Mulongwe? Walikupa siku chache tu za kuona mutoto.

Ernestine: Barabara, yaya. Tangu Jumanne watu wa Lubarika wanashuka huku na magodoro kichwani. Bwana wangu Octave alijaribu na moto yake, ile pikipiki. Kwenye barieri ya wenye bunduki wakanirudishia bwana, moto wakabaki nayo.

Generose: Na njia ya Makobola?

Ernestine: Makobola iko kusini, inapeleka Fizi! Nizunguke dunia nzima?

Generose: Weee, miye ni mutu wa Bukavu, nitajua wapi? [anacheka] Sikia. Ukichelewa siku mbili, tatu, nitaongea na watu wa mashini. Mistari tu isiguswe. Ile walikuchora na wino kifuani, ndiyo inaonyesha mashini pa kupiga.

Ernestine: Mama mukwe aliniogesha.

Generose: Aliku— namna gani?

Ernestine: Kama muzazi. Kwetu hapa nyumbani mwanamuke akitoka hospitali, amezaa ao hajazaa, mama mukwe anamupokea na maji ya moto na majani, halafu mawese mwili muzima. Alichemusha sufuria tatu.

Generose: Na haukumwambia?

Ernestine: Nilimwambia. Alisema, "Najua, mutoto wangu," akaendelea kukanda. Alikuwa analia. Yaya, tangu wanikate ziwa hakuna mutu alikuwa ameona kile kifua, hata Octave nilikuwa namufichia. Ule mama aliangalia, akaweka mukono pale pale. Ningemusukuma?

Generose: ...Imebaki mingapi?

Ernestine: Nukta moja, karibu na kwapa. Octave anasema mingine anaikumbuka, ataichora na biki—

Generose: Hapana! Asiguse! Unanisikia? Akikosea upana wa kidole, moto wa mashini unaingia kwenye pafu, kwenye moyo. Ni wao tu wanachora, na vipimo vyao. Ukifika watachora upya.

Ernestine: Nikifika.

Generose: Ndiyo. Ukifika.

Ernestine: Yaya, nikuulize. Pale karibu na ile nukta kuna kitu. Kama punje ya haragi. Mbele hakikuwa.

Generose: Kinauma?

Ernestine: Hapana. Cha kwanza pia hakikuuma.

Generose: Pengine ni mishipa. Mutu akishapasuliwa inajikunja... Nitamuuliza dokta. Kesho asubuhi, kabla hajaingia kazini.

Ernestine: Sauti yako imegeuka.

Generose: Ni rezo.

Ernestine: Mukabalisa iko hapo?

Generose: Ule mama wa plateau, wa kule milimani? Iko kwenye korido, wiki ya tatu, anangoja nafasi. Walishamuchora. Kwa nini?

Ernestine: Jumatatu aingie pahali pangu.

Generose: Nyamaza, weye!

Ernestine: Siku ya kwanza mule chumbani hatukusalimiana. Si unajua mambo ya huku, sisi na watu wa plateau hatupatani. Halafu kidonda changu kikavuja, infirmye hajafika, na yeye ndiye alifua nguo zangu. Hakusema kitu. Alifua, akaanika.

Generose: Nafasi iko yako. Barabara inaweza kufunguka kesho, inaweza—

Ernestine: Inaweza. [mlio wa mbali]

Generose: Hiyo ni radi?

Ernestine: Hapana.

Generose: Ingia ndani! Ernestine, nitangoja mpaka waite jina lako. Wanaita mara tatu, ndiyo wanapita kwa mwingine. Mara ya tatu nitajibu miye, niseme uko njiani.

Ernestine: Mara moja inatosha, yaya. Wakishaita mara moja, mwambie Mukabalisa asimame.

Generose: Sitaki kusikia—

Ernestine: Majirani wanapita mbio hapa inje. Mama mukwe ananiita. Kaa na Mungu, yaya, umusalimie Muka—

Generose: Sijakubali. Ernestine? Haloo? Sijakubali.