Bi Ngoja Anastaafu, Ua Bado

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Ngoja anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika bustani yetu ya mimea ya nchi kavu. Kamati ya sherehe iliuliza nani anafaa kuandika wasifu wake. Nikasema, zaidi ya mimi, dereva wa boza la maji, ninayelijua kila jani la bustani hii, na majani kadhaa yananijua mimi, nani mwingine? Wakanyamaza. Kunyamaza ni kukubali.

Aliajiriwa kama mfagizi wa banda la miche, akapanda mpaka kuwa msimamizi wa mbegu zote. Jina la Ngoja alilipata kwa haki. Anamwaga mbegu za nyasi kwenye trei, mvua ya kwanza inaotesha nusu, nusu zimelala kama wakwe. Mimi nataka kutupa. "Ngoja," anasema. Mwaka mmoja likaja jua ambalo halijawahi kuandikwa popote: mijusi walipanga zamu kwenye kivuli cha boza langu, na mimi nilikoroga chai kwa maji ya rejeta. Miche yote iliyowahi ikakauka. Mvua ya pili kugusa trei, zile mbegu zilizolala zikaamka, kijani kitupu! Mimea ya nchi kavu, alituambia, haiamini mawingu. Haiwatumi watoto wote safari moja.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," tulimtania kwenye chumba cha chai.

"Na haraka haraka haina baraka," anajibu. "Chagueni lenu, mniachie sukari."

Sasa niseme jambo ambalo kamati iliniomba nilipitie juujuu. Mwaka alioajiriwa, Bi Ngoja alipanda mbegu tatu za tunda moja, za ule mmea wa miiba, jamaa wa mkonge, unaochanua mara moja tu maishani kisha unakufa. Wataalamu wana jina lake la kujaza mdomo. Mimi nawaita madada watatu. Hawachanui pamoja. Kila mmoja ana mwaka wake, ili mwaka mbaya usije ukamaliza ukoo mzima.

Dada wa kwanza alichanua Bi Ngoja akiwa likizo ya uzazi. Aliporudi alikuta mlingoti wa ua umeshakauka. Mvua iliyomdanganya yule dada ilikuwa ya kupita. Mbegu zake ziliangukia vumbini, haikuota hata moja. Wa pili alichanua Bi Ngoja akiwa kozini. Huyo alibahatika, na wanawe ndio wale wanaotoboa matairi yangu nyuma ya ofisi. Nilimpiga picha, ila kidole changu kilitokea vizuri kuliko ua.

Kwa hiyo mwenzetu amelea madada watatu, na ua hajaliona kwa macho yake.

Mwanzoni mwa mwaka nikasema haiwezekani. Nikajaza boza pomoni, nikarudi kinyumenyume mpaka shinani kwa dada wa tatu. Mkurugenzi naye alishachagua pa kuweka viti vya wageni.

"Dada," nikamwambia Bi Ngoja, "leo mawingu ni mimi. Tunammwagilia mpaka achanue, uage ukiwa umemwona."

Akaushika mpira wa maji. Akauelekeza shinani, akauondoa. Kisha akasema, "Mjomba, ukimdanganya atachanua. Halafu mbegu zake zianguke wapi? Huyu ana maua ya mara moja tu. Niyatumie kwa sherehe yangu?"

Akautumia mpira kuoshea viatu vyake vya matope, akanifukuza, mimi na mawingu yangu.

Jana nimepita kumtazama dada wa tatu. Hana dalili yoyote. Amekaa na miiba yake kama mwenye nyumba asiyebabaishwa na wapangaji. Ijumaa utatoka getini, Bi Ngoja, bila kuliona, na wote hapa tunajua ungeweza kuliona.

Asante kwa miaka yote, dada, na kwa kila trei uliyotuzuia kuitupa. Mimi nimeshaondoa tairi la akiba kwenye kiti cha pembeni cha boza. Siku huyu akichanua, iwe mwakani au tukiwa hatuna meno, nakuja kupiga honi mlangoni kwako. Utoke hivyo hivyo, na ndala zako. Mpaka hapo, sote tunakuombea mapumziko marefu, na mvua zako ziwe za kweli.