Noreen Pascoe na Mgrevilea wa Chini ya Dirisha

Baada ya miaka ishirini na sita katika kitalu chetu cha mimea ya asili hapa Bendigo, Noreen Pascoe anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Mei.

Alianza kwa kumwagilia miche, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mauzo, ingawa kuuza hakukuwa kipaji chake. Mteja akitaka miche kumi, Noreen humpa mitatu, kisha humrudisha nyumbani akang'oe nyasi kwanza. "Ukoka wako unakunywa maji kuliko ng'ombe," husema, "na maziwa haukupi!"

Kosa alilolipiga vita zaidi ni la watu wema: kulisha. Mimea ya kwetu imezoea udongo wenye njaa, na mbolea inayonenepesha waridi huwa sumu kwayo.

Ndivyo alivyotujia Colin Treloar, dereva mstaafu wa treni, ameshika tawi lenye majani ya manjano. Lilikuwa la mgrevilea, mti mdogo wa maua wa asili ya kwetu, alioupanda mkewe, Beryl, chini ya dirisha la jikoni, muda mfupi kabla hajafariki.

"Umeulisha nini?" Noreen aliuliza.

"Mbolea ya kuku, kila Jumapili. Si ndiyo kuutunza?"

"Unauua kwa shibe, kipenzi."

Mzee wa watu akalia pale pale kaunta. Sisi tukajitia kupanga vyungu. Noreen alifuatana naye hadi kwake, akaiparua mbolea yote kwa mikono. Haikusaidia. Mti ulikauka kabla ya Krismasi, na Colin akaacha kuja.

Kumbe siku ile Noreen alikata vijiti vichache vilivyokuwa bado hai, akavipandikiza kitaluni kimyakimya, asije akampa mtu tumaini la bure. Kimoja kilishika. Majira ya kupanda yalipofika, akampelekea.

"Ndio uleule?" Colin aliuliza.

"Uleule wa Beryl. Na ukiuonyesha kuku hata kwa mbali, nitajua!"

Wiki iliyopita Colin alikuja tena, akaambiwa Noreen yuko kwa daktari wa magoti. Tukajitolea kumfikishia ujumbe. Akakataa, akaketi juu ya magunia ya matandazo kumngoja. Noreen aliporudi, Colin alimwambia neno moja tu:

"Umechanua."

Noreen alivua kofia, akaketi kando yake, na siku hiyo wateja wote tuliwahudumia sisi.

Asante sana, mama. Magoti yapone, mikono ipumzike, na maisha yakunyookee huko uendako.