Mzee Shuka, Aliyelala Kila Chumba, Anarudi Kwake

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mkuu wa Vyumba wa loji yetu atakabidhi funguo zake na kustaafu. Kwenye kitambulisho chake ana majina matatu mazuri aliyopewa na wazazi wake, lakini kuanzia jikoni hadi gereji anajulikana kwa jina moja tu, Mzee Shuka. Hata mkurugenzi, alipotakiwa kuyatamka majina hayo matatu kwenye kikao cha mwezi uliopita, alikohoa kidogo kisha akasema, “Mzee Shuka, bwana.”

Wengi wetu tunadhani alizaliwa humu mbugani. Sivyo. Alikuja hapa akiwa anatafuta kazi ya kwingine kabisa. Wakati huo alikuwa kijana aliyeoa karibuni, amepanga chumba kimoja na mkewe katika mji wa pwani, mtaa wa nyuma ya soko la samaki. Mkewe alikuwa fundi cherehani na kazi alikuwa nayo. Asiye na kazi alikuwa yeye. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi na mkewe, akashika bahasha ya vyeti, akafuata barabara ya ufukweni, hoteli moja baada ya nyingine. Walinzi walimzoea. Mmoja alikuwa akimwona kwa mbali tu anatikisa kichwa, ili asijichoshe kufika getini. Mwingine alimpa kiti na kumshauri ajaribu ubaharia. Anasema kilichomuumiza si kukataliwa, bali kurudi nyumbani mchana na shati bado halijakunjamana.

Mwishowe, katika ofisi ndogo juu ya duka la dawa, aliikuta kampuni yetu ikiajiri. Aliulizwa kama anajua kutandika kitanda. Akasema anajua. Aliulizwa kama anaweza kuanza kesho. Akasema hata leo. Hakuuliza kitanda chenyewe kiko wapi. Kesho yake alijikuta nyuma ya lori la kampuni, katikati ya magodoro mapya, bahari ameipa kisogo mchana kutwa. Alipofika akamtuma dereva amfikishie mkewe ujumbe: kazi ni nzuri ila iko mbali, na ni ya misimu miwili tu. Jibu lilirudi na dereva huyohuyo: “Mwambie misimu miwili nitavumilia. Wa tatu nakuja mwenyewe kumtazama.”

Mwanzo wake haukuwa wa kujivunia. Mtu wa pwani akiingia chumbani, jambo la kwanza ni kufungua madirisha, upepo upite. Mzee Shuka alifungua madirisha ya safu nzima ya mashariki, akafunga mapazia pembeni vizuri kwa kamba zake, akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta ukoo mzima wa nyani umehamia. Mkubwa wao ameketi kitandani kama anayesubiri kuhudumiwa, mwingine anajipaka dawa ya meno kifuani, na kofia ya mgeni mmoja iko juu ya paa. Meneja wa wakati huo, mtu mkali, alimwita mbele ya wafanyakazi wote akamuuliza ni nani aliyemtuma kufungua. Akajibu kwa unyenyekevu wote, “Joto, mzee.” Meneja akageukia ukuta, na mabega yake yakaonekana yanatikisika. Kibarua hakikuota nyasi, ila kwa mwezi mzima alipelekwa kwa dobi, na huko ndiko jina la Shuka lilikompata.

Loji yetu ina utaratibu ambao wageni hawaujui. Kila mwaka mvua zinapokata barabara na tukabaki wenyewe, hakuna chumba kinachofunguliwa tena kabla mfanyakazi hajalala humo. Kuangalia kwa macho hakutoshi. Lazima uoge humo, uzime taa humo, uamke humo. Ndipo utajua kwamba swichi iko mbali na kitanda, bomba linapiga miluzi na mlango unataka bega. Mzee Shuka aliipenda kazi hiyo kuliko zote, na karibu miaka yote ameifanya pamoja na mkewe, maana uongozi ulimruhusu aje msimu wa mvua. Basi wawili hao walihama chumba hadi chumba, kila siku kitanda kingine, mume amebeba tochi, mke amebeba mto wake mwenyewe kwa kuwa mito yetu, alisema, imejazwa kokoto.

Na tuseme kweli sasa, kwa kuwa hakuna wa kushushwa cheo: sifa nyingi alizopata Mzee Shuka zilitoka kinywani mwa mkewe. Sote tunamwita Shemeji, hata wapishi wanaomwogopa. Chumba cha sita: “Kioo hiki mmekiweka kwa ajili ya twiga?” Chumba cha kumi na mbili: “Huyu anayeoga hapa magoti yake anayaacha wapi?” Mzee Shuka aliyapeleka maneno hayo kikaoni kwa lugha ya kiofisi, akipendekeza kioo kishushwe kiasi na bafu litazamwe upya, na uongozi ukamsifu kwa jicho lake la mgeni. Mapazia mnayoyaona leo ni mshono wa Shemeji. Wasaidizi wa vyumba waliopita mikononi mwa mumewe ni wengi, na wengine leo ni wakuu wa vyumba katika hoteli zilezile za ufukweni zilizomfungia geti.

Lakini watoto wao watatu walikulia pwani, kwa mama yao. Baba walimjua kwa likizo na kwa salamu za dereva. Hilo hatulisemi kwa wepesi. Wengi humu tunaishi mbali na tulikotoka, na tunajua jinsi nyumba inavyoendelea bila wewe: mlango hubadilishwa, mti wa uani hukatwa, na mtoto huanza kukuamkia kwa heshima mno.

Alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita. Tulimwomba abaki kwa sababu vyumba vipya vilikuwa vinajengwa, akabaki. Mwaka uliofuata tulimwomba tena, akabaki. Mzee Shuka ana ugonjwa mmoja tu: hajui kusema hapana. Shemeji alikuwa amekwisha kujenga nyumba kwa cherehani yake, na chumba chao alikuwa amekipaka rangi mara mbili akimsubiri mwenzake. Mara ya kwanza alisema mengi. Mara ya pili alichukua brashi ya rangi tu, na sisi tunaomjua tuliogopa zaidi. Mwezi Februari uongozi ukamwomba kwa mara ya tatu. Akaahidi kujibu akitoka likizo.

Habari za likizo hiyo alitusimulia mwenyewe, tukikunja mataulo. Asubuhi ya kwanza nyumbani aliamka kabla ya wote. Mkewe alipoinuka kwenda jikoni, akatandika kitanda kwa kona za hoteli, akakunja taulo, akafuta sinki, akaliweka begi lake karibu na mlango likiwa limefungwa, kisha akaketi sebuleni kwenye ukingo wa kiti. Mjukuu wake akamletea chai, akamuuliza kama huwa anatumia sukari. Mkewe akatoka, akakitazama kitanda, akalitazama begi. Wageni wetu hukabidhi vyumba saa nne asubuhi, naye Shemeji analijua hilo kuliko mapokezi. Akamwambia taratibu, “Baba, hapa hakuna anayetoka saa nne.”

Anasema alitaka kucheka, akashindwa. Akalibeba begi, akalirudisha chumbani, akauliza nguo aziweke wapi. Mkewe akamfungulia droo mbili ambazo hazijawahi kuwekwa kitu. Mchana huohuo alimpigia mkurugenzi simu akasema hapana. Mkurugenzi alimwomba arudie, maana alidhani mtandao ni mbovu.

Msimu huu wa mvua Shemeji hakuja. Alituma salamu kwamba ana chumba chake cha kuangalia. Vyumba vimelaliwa na mkuu mpya, dada yetu wa dobi, pamoja na mdogo wake, na taarifa yao ya kwanza ilisema cha tisa kina chura mwenye kujiamini. Tuko salama.

Tunajua pampu ya maji itagoma, na kwamba atatokea mtu, pengine meneja wa zamu, atakayetaka kumpigia Mzee Shuka amuulize kidogo tu. Wafanyakazi wote wazingatie: Shemeji ameomba, kwa sauti ya kutosha, na uongozi umekubali, kwamba kwa miezi mitatu ya mwanzo simu ya mumewe itapokelewa na yeye. Mwenye ujasiri ajaribu.

Shemeji, asante kwa kutuachia mwenzako muda wote huu. Tulizidisha, na tunajua. Mzee Shuka, asante kwa kutufundisha kwamba kitanda hutandikwa kwa ajili ya mtu atakayeamka humo. Tunakuombea afya, amani na siku ndefu. Amka kwako, na kesho yake uamke kwako tena.