Mama Doris na Meza ya Uji Maktabani

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni punguzeni moto kidogo, mlio njiani sogeeni pembeni. Jioni hii tunamkumbuka Veronika Mwaisumo, aliyekuwa akiwapa wanafunzi chai na uji kwenye baraza ya maktaba ya chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Wengi hawakulijua jina la Veronika. Walimwita Mama Doris. Na sisi tumwite hivyo. Mama Doris alifariki katika mwezi wa Ramadhani uliopita, na akazikwa Likombe.

Alikuja Mtwara akiwa bibi harusi, kutoka Mbeya, kumfuata mume aliyefanya kazi bandarini. Mume alitangulia mbele ya haki. Yeye akabaki, akafanya usafi maktabani hadi akastaafu. Wenzake wakistaafu hurudi kwao. Mama Doris alirudi maktabani, safari hii na chupa za chai.

Mkutubi Andrea anaikumbuka siku hiyo. "Nilimwambia, Mama Doris, kwa joto hili la Mtwara nani atakunywa chai? Akaniambia, watakunywa wanaoshindia maji. Wewe nipe baraza tu."

Akapewa baraza. Chai ya tangawizi, kahawa, uji wa ulezi. Sharti lilikuwa moja: kikombe hakivuki mlango. "Ukivuka nacho," aliwaambia, "nakutoa wewe na kikombe, kitabu nakibakiza."

Lakini Ramadhani ya kwanza, wasikilizaji wapendwa, Mama Doris alikosea. Alikuwa Mkristo, mtu wa bara. Aliona haya kupanga chupa za chai mbele ya watu waliofunga. Basi akaondoa meza, akakaa nyumbani. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Haikupita muda, msichana wa mwaka wa kwanza akamfuata mpaka nyumbani kwake Likombe. Anaitwa Mwanahawa, binti wa wakulima wa korosho wa upande wa Naliendele.

"Mama, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mwanangu. Si mmefunga?"

"Tumefunga mchana. Jua likizama tunakula kama watu wengine, tena kuwazidi."

Akamweleza. Mitihani ilikuwa karibu. Aliyetoka maktabani kwenda kutafuta futari alirudi akakuta kiti chake kimekaliwa. Mama Doris alicheka hadi akaegemea mlango. Kesho yake meza ilirudi, ila saa ya magharibi. Uji wa mchele wenye pilipili manga, tende, muhogo wa nazi. Ikawa desturi ya pale. Hata wanafunzi Wakristo walisubiri adhana, wafungue pamoja na wenzao. Aliyenyoosha mkono mapema hakusalimika na Sudi, kijana wa Msimbati. "Kelvin, wewe umefunga kwa saa ya nchi gani?"

Mwaka huu moyo wa Mama Doris ulichoka. Daktari alisema apumzike, asibebe mizigo, asikae kwenye moto. Narudia, wasikilizaji: aliambiwa apumzike. Doris, mwanawe wa pekee, ni mwalimu Mbeya. Alikata tiketi, akaja kumchukua. Akamkuta mama anachambua mchele.

"Mama, fungasha nguo."

"Mitihani yao imeangukia Ramadhani. Wakimaliza, twende."

"Na daktari je?"

"Sishiki kitu. Wanafunzi ndio wanapika, ndio wanabeba. Mimi nakaa kwenye kiti natoa amri kama mkuu wa mkoa."

Doris akacheka. Kisha, kwa shingo upande, akakubali. Ruhusa yake kazini iliisha, akarudi Mbeya. Kila jioni alipiga simu kuuliza kama mama anapumzika. Kila jioni alijibiwa, "Nimekaa, mwanangu. Nimekaa."

Mama Doris hakuimaliza Ramadhani ile. Alianguka alasiri, jikoni kwake, uji ukiwa motoni. Jirani yake Salma ndiye aliyemkuta. Alikuwa peke yake. Mwanafunzi hakuwepo hata mmoja.

Hilo ndilo lililomchoma Doris. Alilia njia nzima kutoka Mbeya, na kila alipoacha kulia alijiuliza: hao wapishi, hao wabebaji, walikuwa wapi?

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa wanafunzi walipofika. Walikuja kwa miguu, wengi, mabinti wamejitanda kanga, wamefunga, midomo imekauka. Doris akawakuta mlangoni. Anasimulia mwenyewe. "Sikuwakaribisha. Niliwauliza, mlimwachaje mama yangu ahangaike peke yake, na mnajua ni mgonjwa?"

Mwanahawa, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho, alijibu polepole. "Mgonjwa, dada? Mama alitwambia moyo umepona. Daktari kamruhusu."

"Na kupika?"

"Tulitaka kuja kupika. Akatufukuza. Alisema wewe umemletea msichana wa kazi kutoka Mbeya, msichana hodari, hataki kuingiliwa jikoni. Sisi tulimwona mama akishuka kwenye bajaji na vyombo vyake, amependeza. Tukaamini."

"Mimi sikuleta msichana."

Doris akakaa chini, pale pale mlangoni. "Kwangu alisema ninyi," akasema. "Kwenu alisema mimi."

Sudi akainamisha kichwa. "Dada, mama alitupanga wote."

Doris alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba uingie, na hakikufika mbali, kikageuka kilio. Mwanahawa akaketi kando yake, akamshika. Wengine wakavua viatu, wakaingia ndani.

Pole, Doris. Pole, Bi Salma, uliyemkuta. Poleni wana wa maktaba, mliofanya mitihani iliyobaki macho yakiwa mekundu. Mungu amweke Mama Doris mahali pema.

Na wewe unayetusikiliza, jioni hii pengine utampigia simu mtu wako wa mbali. Atakwambia hajambo, amepumzika, yupo anayemsaidia. Usiridhike upesi. Muulize huyo anayemsaidia ni nani, anaitwaje. Kisha mwombe ampe simu, uzungumze naye.