Mama Kanyere na Maua ya Kiangazi

Tarehe 31 Agosti 1957, Mama Kanyere anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya masera, yaani masista wa Kikatoliki, hapa Goma kwa miaka kumi na tisa. Darasa langu limeniomba niandike maneno ya furaha kwa gazeti la shule. Ya furaha yapo, nami nitayaandika. Lakini tuna hasira pia, na si haki kuificha.

Alikuja kutoka Butembo akiwa mfuaji nguo. Masera Lucie, aliyekuwa amefundisha Japani kabla ya vita, alimwona akipanga majani katika ndoo ya sabuni, akamfundisha ikebana, yaani namna ya Kijapani ya kupanga maua machache ili kila moja lionekane. Masera Lucie alipofariki, Mama Kanyere aliendelea peke yake. Alipanda maua ya kana na dalia kati ya mawe meusi ya volkano. Jiwe lenye matundu aliliweka ndani ya bakuli la maji, akachomeka mashina humo, nayo yakasimama.

Kila Jumamosi alitufundisha kukata maua alfajiri, kisha kukata tena shina likiwa ndani ya maji. Hakuwa mpole. "Weye Kasoki, unapanga maua ao unafunga mzigo wa majani ya sombe?" alimuuliza mwenzetu siku moja, tukacheka hadi Kasoki mwenyewe akakaa chini kwa kicheko.

Sasa hasira yetu. Julai mwaka huu jua lilikuwa kali kuliko tulivyowahi kuona. Tangi la maji la shule lilikauka, na mawe ya njiani yalituchoma miguu. Kwa sikukuu ya shule, Mama Kanyere alikata ua moja tu jekundu la kana, unyasi mrefu na tawi kavu la mkaratusi. Mimea mingine, alisema, ibaki na majani yake, kwa sababu hakuna kivuli kingine juu ya mizizi. Aliupanga mchana ule wenyewe ndani ya bakuli: ukame, na kitu kimoja kilichokataa kukauka.

Masera msimamizi wa nyumba, aliyefika mwaka huu, aliutazama mpangilio huo akasema, "Mama, niliomba maua, umeniletea kuni."

"Masera, hii ndiyo kiangazi," Mama alijibu. "Wageni nao wanakaa ndani yake."

Bakuli lilimwagwa. Jua likiwa utosini, watu wa jikoni walitumwa na mapanga wakate kila kitu chenye rangi. Wageni walipofika jioni, maua yote yalikuwa yameinamisha vichwa. Mimea iliyobaki bila majani iliungua hadi chini. Ndipo tukaambiwa kwamba Mama amezeeka, hawezi tena kutunza bustani, na kwamba hapo patakuwa uwanja wa tenisi.

Tunasema wazi: si kweli. Bustani haikuharibiwa na uzee wa mtu. Ilikatwa kwa panga saa ya jua, kinyume cha neno lake, kisha lawama akatwishwa yeye.

Siku ile tulilia. Alitukemea: "Machozi yenu yana chumvi. Leteni maji!" Tangu hapo tunabeba maji tuliyooshea sahani, tunamwagilia mizizi ya kana jua likishazama. Jumamosi iliyopita machipukizi yalitokeza, ya kijani, yamejikunja kama karatasi. Tunamwomba Mama Mkubwa, masera mkuu wa shule, atakayesoma maneno haya kabla ya wengine, ashuke ayatazame machipukizi hayo kwa macho yake kabla ya kuamua juu ya uwanja wa tenisi.

Mama Kanyere, asante kwa mikono yako na kwa ukali wako. Nenda mtaa wa Himbi kwa binti yako, ule vizuri, ukae kivulini, uwakemee wajukuu wako kama ulivyotukemea sisi. Tunakuombea afya na miaka mingi yenye utulivu. Na wale watakaokuja na kamba za kupimia uwanja watatukuta tumesimama katikati ya kana, na ndoo zetu mkononi.