Marehemu Thuwein na Pafu la Chupa Kumi na Mbili

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika leo Jumapili hapa Al Twar kumwombea dua, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Thuwein Sowedi, aliyezaliwa Malindi, Unguja, tarehe 14 Agosti 1971, mtoto wa pili wa Mzee Sowedi na Bi Sundus, akasoma Vikokotoni, akapata stashahada ya maabara ya mifugo Morogoro mwaka 1994, na tarehe 3 Februari 1998 akaingia Dubai, akiwa na sanduku moja na tabia moja, ya kutoamini kitu kwa kuambiwa.

Mwaka huohuo aliajiriwa na maabara binafsi ya kuchunguza maradhi ya wanyama, ambako vipande vya ngamia, mbuzi na kuku waliokufa vilifika ndani ya chupa zenye dawa ya kuzuia kuoza, naye akavikata vyembamba kama ganda la kitunguu, akavitia rangi, akavitazama kwa hadubini, ili ugonjwa ukionekana zizi moja usifike zizi la pili.

Tarehe 21 Juni 2001, huko Al Baraha, alimuoa Bi Amne, wakajaaliwa Hind na Musab, na shaka yake akaja nayo nyumbani, maini hayapikwi mpaka ayakague dirishani, hata Bi Amne akawa anawaambia mashoga zake, "Mume wangu mie hali pilau ya harusi mpaka aonyeshwe cheti cha kuzaliwa cha mbuzi," wao wakicheka, yeye akitafuna polepole.

Tarehe 27 Mei 2024, wiki tatu kabla ya Idi ya kuchinja, zilifika chupa kumi na mbili kutoka zizi moja, zikiwa na namba za mbuzi kumi na wawili waliokufa, na Thuwein, aliyeona vipande vyote vimefanana mno, alivipanga kwenye sinia kimoja baada ya kingine, kingo zikakutana, mrija wa pumzi ukapita kutoka kipande hadi kipande, likawa pafu moja, la mbuzi mmoja, mzima wa afya, lililoletwa kuficha kilichowaua wale kumi na wawili, naye akalipiga picha.

Alimwita Hashir, mkuu wa zamu, naye Hashir akatazama sinia, akatazama mlango, akasema, "Khalas, Thuwein, mbuzi tu hao, andika safi," lakini Thuwein hakuandika, majibu yakatoka kwa saini ya mtu mwingine, mbuzi waliobaki wakauzwa, na kabla ya mwezi kupita sotoka ya mbuzi, maradhi yanayoambukiza upesi, ikaua katika mazizi matatu mengine.

Hapo akatafutwa wa kubeba lawama, na tarehe 8 Julai 2024 Thuwein akapewa karatasi ya kukiri kwamba ni yeye aliyechanganya chupa, akitia saini atabaki kazini na familia itabaki na kibali cha ukaazi, asipotia, mkataba utaishia tarehe 30 Septemba 2025, naye hakutia, akahamishiwa kuosha vyombo, wenzake wakanyamaza kila alipoingia, asijue nani anamwogopa na nani anamchunguza.

Mwezi Februari 2025 aligundulika na saratani ya ini, na Jumanne tarehe 2 Septemba Hashir alifika hospitali na zabibu, karatasi ileile na kalamu, akisema, "Yalla kaka, saini tu, watoto wabaki," na Bi Amne mwenyewe, familia haifichi, alimshika mumewe mkono akamsihi akubali, naye akajibu, "Mama Hind, nikikubali, zizi lile litaleta chupa nyingine."

Alifariki Alhamisi tarehe 4 Septemba, saa tatu asubuhi, akazikwa Al Qusais alasiri ileile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotuletea chakula siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake, hasa wale wawili waliokuwa wakiosha vyombo pamoja naye na kumsalimia kwa jina lake.

Na kwa aliyeiacha karatasi juu ya kabati la hospitali, akatuambia mjane naye anaweza kuisaini, familia inamuarifu kwamba Bi Amne ameisoma neno kwa neno, hakuisaini, na kesho asubuhi ataipeleka, pamoja na picha ya sinia lile, kwa wasimamizi wa afya ya mifugo, na tiketi nne za kwenda Unguja alizokata marehemu zamani sasa zitatumika tatu.

Thuwein, kazi yako umeimaliza, Mola akupe mapumziko yenye amani.