Mlango Unaotazama Nyumba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una chai, ivute karibu. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, sikio tu ndilo tunaloliomba.

Leo tunamkumbuka fundi mwashi. Alijenga nyumba nyingi, akajenga uzio wa shule na matangi ya maji, lakini jina alilipata kwa mlango mmoja. Mlango wa kituo cha maduka. Na mlango huohuo ulimnyima raha miaka thelathini na mmoja. Watu walimwita Fundi Huku. Watoto, kwa utundu wao, walimwita Fundi Kuku, naye akawajibu kwa kuwika mchana kweupe, mwiko mkononi. Fundi Huku ametutoka wiki tatu zilizopita, nyumbani kwake, usingizini, baada ya chakula cha mchana.

Jina hilo la Huku alilitoa wapi? Turudi nyuma, taratibu.

Mahali pale palikuwa nyasi. Nyasi za kufika magotini, zinalala upande mmoja upepo ukija, zinaamka, zinalala tena. Palikuwa na njia mbili za vumbi, moja kila upande, zimefanana kama mapacha. Upande mmoja zilikuwepo nyumba kumi na kitu, za watu waliohama mjini kutafuta nafasi ya kupumua. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Ilisemekana barabara kuu itapita huko. Ilisemekana tu.

Tajiri mmoja akanunua uwanja ule. Akataka maduka sita, matatu kila upande wa ukumbi, na mlango mmoja mkubwa wa kuingilia. Ramani ilisema wazi: mlango utazame barabara inayokuja. Narudia, wasikilizaji, maana hapa ndipo penye habari yote. Mlango utazame barabara.

Siku ya kupiga vigingi fomeni, msimamizi wa ujenzi, aliamka na jino linauma. Shavu limevimba, hasemi, hatafuni. Akamwachia kazi mwashi wake hodari, kijana wa miaka ishirini na tisa, ndiye huyu tunayemkumbuka. Kijana akatandaza ramani juu ya boneti ya lori. Upepo ukawa unaivuta. Akachukua matofali mawili, akaigandamiza huku na huku. Tofali moja likakaa juu ya mshale wa kaskazini. Ramani ilikuwa imelala kichwa chini, naye hakujua. Akavuta kamba, akapiga vigingi, akaanza kuchimba.

Fomeni aliporudi, msingi ulikuwa umeshamwagwa zege na kuta zimeanza kupanda. Alitazama kuta kama zimenyooka. Zilikuwa zimenyooka. Hakuuliza zinaelekea wapi.

Mjane wake ametusimulia jioni moja ya wiki ya sita. Kuta zilikuwa zimepita madirisha. "Alikuja na ile ramani," anasema, "akaitandaza mezani. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Nikamwambia, baba, chakula kinapoa. Akasema, mama watoto, nimejenga kinyume. Nikamwuliza, kinyume kivipi? Akasema, kinyume chote." Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama huyu aliitunza siri hiyo miaka thelathini na mmoja, hakumwambia hata mama yake mzazi.

Tajiri alikuja paa likiwa limeezekwa. Alikuwa safarini miezi yote ile. Akashuka kwenye gari, akazunguka jengo mara moja. Akazunguka mara ya pili. Mafundi wote wameshika koleo, hakuna anayechota. Tajiri akauliza, "Mbona mlango umetazama nyumba? Barabara si itapita mgongoni?"

Fomeni akatazama viatu vyake. Basi kijana wetu akajibu. Hakufikiri. Yalimtoka tu.

"Watu wako huku, bosi."

Tajiri akageuka. Kwenye njia ya vumbi alikuwa anapita mwanamke mmoja amembeba mtoto mgongoni, na nyuma yake wazee wawili wanabishana. Akawatazama mpaka wakapita. Kisha akacheka. "Kweli," akasema. "Barabara hainunui sukari."

Mambo yakaishia hapo. Mafundi wakaenda kusimulia, na habari ikisimuliwa haibaki na urefu wake. Baada ya mwezi ilikuwa kwamba mwashi amemwomba tajiri awakumbuke wakazi. Baada ya mwaka ilikuwa kwamba alipiga magoti. Wakampa jina, Fundi Huku, yule aliyesema watu wako huku. Naye akalivaa jina hilo kama kiatu cha kuazima, kinapendeza na kinabana.

Barabara ilikuja baada ya miaka miwili. Ikapita mgongoni kabisa. Aliyekuja kwa gari alikutana na ukuta mrefu, mtupu, na neno moja limeandikwa kwa rangi nyekundu: ZUNGUKA. Madereva walitukana. Lakini upande wa nyumba, lo, upande wa nyumba watu walikuja na kandambili. Mama aliacha sufuria jikoni akakimbilia chumvi, akarudi kabla haijachemka. Mzee alikwenda kwa kinyozi akiwa na taulo lake begani.

Na kituo kikakua. Wakazi wa zamani wakikusimulia, macho yao huenda mbali kidogo. Palianza duka la vitambaa, kinyozi, duka la dawa, bucha, duka la vyakula na madaftari, na fundi saa. Likaongezwa jengo la pili ubavuni, kisha ngazi, kisha ghorofa. Ukumbi ukawekewa paa la kupitisha mwanga, na kuanzia hapo mchana ndani ya kituo ukawa na rangi yake, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mtu akiingia kununua sindano alijikuta amesimama tu, anatazama vumbi linavyoelea kwenye mwanga, mpaka mwenye duka amwulize, "Wewe, umekuja kununua au umekuja kulala?"

Fundi Huku naye alikuwa na ndoto. Ilimjia usingizi wa mchana, miaka nenda miaka rudi. Alimhadithia binti yake mkubwa bila kumwambia maana yake. Katika ndoto hiyo amesimama kwenye zile nyasi, na jengo linajigeuza. Polepole, bila kelele, na watu wamo ndani. Kinyozi ananyoa, mwenye bucha anakata nyama, hakuna anayestuka. Linajigeuza kama mtu anayebadilisha ubavu kitandani. Na kila mara, kabla halijamaliza, anaamka.

Miaka ikapita hivyo. Tajiri akafariki. Watoto wake wakauza. Wenye mali wapya wakasema kituo kimechoka, kijengwe upya: ghorofa tatu, vioo, maegesho ya magari mia mbili. Wakamtuma msanifu majengo, binti mmoja mpole mwenye miwani mikubwa, aje azungumze na wakazi. Walikutana mle mle ukumbini, kwenye viti vya plastiki, Jumamosi asubuhi.

Msanifu akafunua karatasi ya zamani, imekuwa ya njano. "Hii ndiyo ramani ya kwanza," akasema. "Mlango ulitakiwa kutazama barabara. Sisi tunalirudisha jengo kwenye nia yake. Upande wa nyumba patakuwa na ukuta, na malori yatashushia mizigo hapo."

Watu wakaguna. Mwenye duka la dawa akasimama. "Binti yangu, mlango huu ulibadilishwa kwa makusudi, kwa ajili yetu. Fundi Huku mwenyewe huyu hapa. Alimwomba tajiri."

Msanifu akasema, bila ubaya wowote, "Kama ulibadilishwa kwa makusudi, hiyo ndiyo nia ya jengo, na mimi nitaiheshimu. Mzee, ilikuwa hivyo?"

Wasikilizaji wapendwa, mtazameni mzee huyo. Tajiri yuko kaburini. Fomeni yuko kaburini. Neno moja tu, ndiyo, na mlango unabaki, na jina linabaki. Akisema hapana, huenda akavipoteza vyote viwili, mbele ya watu waliomwamkia kwa heshima miaka thelathini na mmoja. Binti yake alikuwa kiti cha pili. Anasema, "Baba alivua kofia. Akaishika kwa mikono miwili. Nilidhani anaumwa."

Fundi akasema, "Hapana. Nilishika ramani kichwa chini."

Kikatoka kicheko, kikaanzia viti vya nyuma kikaja mbele. Mtu akasema, "Kumbe!" Mwenye duka la dawa akaketi pole pole. Mzee hakuketi. Alieleza yote, jino la fomeni, upepo, matofali mawili, mpaka yale maneno aliyomwambia tajiri. "Hayo nayo yalikuwa uongo," akasema. "Wakati ule sikuwa nawaza watu. Nilikuwa nawaza kufukuzwa."

Kicheko kikaisha. Msanifu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sasa mzee," akauliza, "kosa lako unataka tulifanye nini?"

"Liacheni wazi," akasema. Akavaa kofia yake, akatoka. Kwa mlango uleule, maana mwingine haukuwepo.

Msanifu hakuahidi kitu. Ila Jumatatu alionekana ameketi kwenye ngazi za mlango, daftari mapajani. Jumanne pia. Wiki nzima alikaa pale, anatazama kandambili zikipanda na kushuka. Mwisho wa mwezi akaleta ramani mpya, ina milango miwili iliyolingana, mmoja wa barabara, mmoja wa nyumba.

Na mzee? Mzee alijifungia. Kwa siku tisa hakuvuka kizingiti. Aliamini jina lake limekufa. Siku ya kumi mkewe akamwambia, "Baba, toka hata barazani. Nyumba hii mchana ilikuwa yangu, umenibana." Akatoka, akaketi. Hakujua aangalie wapi.

Akaja mwashi mmoja wa makamo, hawafahamiani. Akaomba maji. Akanywa. Akasema, "Mzee, nimesikia habari yako. Mimi nimejenga ngazi za nyumba ya mtu, kidato kimoja ni kifupi. Nimekifunika kwa vigae. Hakionekani." Mzee akamwuliza, "Umeshamwambia mwenye nyumba?"

Wiki iliyofuata akaja mwingine, aliyeweka dirisha likafungukia ukutani. Kisha wa tatu. Kisha akaja mshonaji, siyo mwashi kabisa, aliyekata kitambaa cha harusi ya mtu vibaya akasingizia panya. Walikuja mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuwahi kumkaripia hata mmoja. Aliwauliza swali lilelile: umeshamwambia mwenye nyumba? Wengine walirudi kumweleza ilivyokuwa. Wengine hawakurudi, na hao nao aliwasubiri.

Ujenzi mpya ulipoanza walimruhusu aingie, wakamvisha kofia ngumu. Binti yake alimshika mkono. Kuta zilikuwa zimeangushwa, na karatasi kubwa za plastiki zilining'inia, zinavuta pumzi na kuitoa. Jua lilifika vyumba ambavyo havijawahi kuliona. Mzee alitembea katikati ya maduka ambayo hayapo. Alipinda pasipo na kona. Alisimama mahali patupu akasema, "Hujambo, kinyozi," na kinyozi ana miaka kumi tangu afariki. Binti anasema hakuogopa. Anasema baba yake alikuwa na furaha tele siku ile. Walifika mwisho, wakaona fremu ya mlango mpya, mpana, na nyumba zote zinaonekana kupitia hapo, na nguo kwenye kamba. Mzee akatoa timazi mfukoni. Akaipima fremu. Imenyooka. Akamwambia binti, "Ile ndoto yangu siku hizi haiji."

Kituo kimefunguliwa juzi. Yeye hayupo.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kuna jambo linatuhusu sisi. Miaka saba iliyopita kipindi hikihiki kilisimulia habari za mtaa ule. Tulisema mwashi alipiga magoti mbele ya tajiri kwa ajili ya wakazi. Tuliisikia mtaani, tukaipenda, hatukuuliza. Mjane anatuambia kwamba mzee alikuwa anasikiliza siku ile, na aliinuka akazima redio.

Wiki iliyopita mama huyo alikuja hapa studio mwenyewe. Alikataa kiti. Alisema, "Aliniachia neno moja, kwamba redio waseme sawasawa. Semeni alikosea. Semeni na uongo wake. Mkishamaliza hayo, msifuni mnavyotaka."

Basi tunasema. Fundi huyu alikosea. Akamdanganya tajiri kwa maneno manne. Kisha, mbele ya jirani zake wote, akasema kweli, ilipokuwa rahisi zaidi kunyamaza. Sisi tuliutangaza uongo ule tukiudhani kweli, na tunaomba radhi. Kumsifu, mama, tumeona tukuachie wewe, maana unamjua.

Tunatoa pole kwako, mjane wake. Pole kwa binti zake na wajukuu, kwa rafiki yake fundi saa, na kwa mafundi wote waliopata kuketi kwenye ile baraza. Mungu ampe pumziko jema.

Kwa kawaida hapa tungekaa kimya dakika moja kwa heshima ya marehemu. Leo tutakaa kimya dakika mbili. Ya kwanza ni yake. Ya pili ni yako wewe unayesikiliza, ambaye kuna mtu hujamwambia. Simu iko karibu nawe. Hatutapiga muziki.